Saa Moja Kasoro Matangazo

Miaka thelathini tulingoja runinga imtaje,
nayo ikamtaja Jumanne, saa nne usiku,
baada ya kipindi cha watu wanaonunua nyumba.

Tulikuwa watano kwa Senga, ghorofa ya saba, Dundee,
lifti mbovu, Lachlan na goti lake
akipumzika kila ngazi ya kumi kama anayehesabu madeni.
Chai ilikuwapo, bia ilikuwapo,
na santuri za Dod, zote mbili, zimesimamishwa juu ya hita
kama picha za harusi.

"Dod Kinnear," ikaanza sauti ya msimulizi,
sauti iliyosomeshwa kwa ada kubwa,
"alitunga nyimbo arobaini na moja,
na hakuna aliyemsikiliza."

Tukatazamana, midomo imejaa biskuti.
Hakuna akamimina chai.
Hakuna akaomba sukari.
Hakuna, ambaye mwaka themanini na sita
alirudi kwa miguu kutoka Perth, theluji usiku kucha,
kwa kuwa nauli yote iliishia kwenye tiketi,
akavua kiatu, akasugua vidole.

Kisha ubishi. Gitaa lile si jekundu, akasema Fearghas,
lilikuwa na rangi ya ini,
nililibeba mwenyewe hadi kwenye gari.
Uliligusa, akasema Ishbel. Kubeba, alibeba kaka yangu.
Na yule mwenye miwani anayelia mbele ya kamera,
anayesema Dod alikuwa nusu ya roho yake,
ndiye aliyemtelekeza kwenye kituo cha petroli
pamoja na ngoma na deni la hoteli.
Machozi hayo yana risiti? akauliza Lachlan.
Tukacheka hadi tukapitwa na kifo:
tuliporudisha macho, Dod ameshazikwa,
mvua ya kukodi inanyesha juu ya kaburi lisilo lake.

Halafu wakafungua daftari.
Kamera ikashuka polepole, mstari kwa mstari,
hadi wimbo ule, wetu, wa mwisho upande wa pili,
tuliouimba mabasini, jikoni, kwenye talaka mbili:
*niache mlangoni*.
Na kalamu ya Dod, bila haya, imeandika
*niachie mlango*.

Hapo Hakuna akaacha kutafuna.
Maana Senga alimzika Murdo mwezi wa pili,
na maneno yetu yako kwenye jiwe,
herufi za dhahabu, kila moja na bei yake.

Rudisha nyuma, akasema. Fearghas akarudisha.
Tena. Kidole chake kikafuata kioo.
Ishbel akajaribu: mwandiko wenyewe kuku kaparura,
huenda pale ni doa la kahawa.
Lachlan akajaribu: ukilewa ni yale yale.
Mimi nikajaribu kunyamaza, nikashindwa,
nikasema wimbo ni wa anayeusikia. Upuuzi.

"Huyu anakataa kuingia," Senga alisema.
"Yule anataka akute wazi akirudi."
Akayapima kinywani, haya, kisha yale,
kama mtu anayejaribu meno ya bandia.
"Murdo hakurudi mapema hata siku moja.
Jiwe libaki."

Sabuni, bima, godoro.
Majina ya walioitengeneza filamu yakapita mbio,
hatukumjua hata mmoja.

Saa sita tukashuka. Kati ya ghorofa ya nne na ya tatu,
pale ambapo balbu haijawahi kuwaka,
Fearghas akauanza, nasi tukampokea,
na lilipofika neno lile kila mtu akaimba lake
na hakuna aliyemsahihisha mwenzake.

Juu, sauti ya Senga:
Lachlan, umesahau fimbo!
Mlango aliuacha wazi, mwanga ulitufikia hadi viatuni.
Tukaanza kubishana nani apande.